Tufe Lililovuja Mara Tatu

Ninyi vijana mnaopima gari kwa kompyuta ya kushika mkononi, mi siwadharau. Wallahi siwadharau. Juzi nilipita kwenye garaji moja pale Kinama, nikaona fundi wa umri wenu amechomeka waya chini ya usukani, na gari likamwambia lenyewe linaumwa wapi. Nilisimama pale nikishangaa kama mgeni aliyeingia mjini asubuhi ile. Lakini kitu ninachotaka kuwasimulia hakina mahali pa kuchomeka waya. Hakisemi. Kinavuja tu, na ni juu yako wewe kujua kinavuja nini, na kwa sababu gani.

Siku moja laleni chini ya katre-katre ya zamani, zile gari za milimani zinazovuta kwa magurudumu yote manne, ambazo ekseli yao ya mbele ni chuma kimoja kizima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Tazameni nyuma ya gurudumu. Mtaona tufe la chuma, limekatwa nusu, laini kama yai. Kichwa kizima cha gurudumu kinageuka juu ya tufe hilo, kushoto na kulia, kadiri dereva anavyokata usukani. Na ndani ya tufe, gizani, kuna kiungo kingine kinachopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gurudumu, hata gurudumu likiwa limekatwa mpaka mwisho. Kinazunguka huku kimepinda. Jaribu kuzungusha mkono wako wote huku umekunja kiwiko, uone kama utafika mbali.

Nimefungua viungo vile kwa miaka zaidi ya thelathini, na sikumbuki hata kimoja nilichokifungua bila kusema Subhanallah. Najua ni kazi ya binadamu. Basi nashangaa na aliyemuumba huyo binadamu.

Sasa, tufe hilo limejazwa grisi nyeusi, nzito. Upande wa ndani linalindwa na mpira mdogo wa duara tunaouita spi. Kazi yake ni kuzuia mafuta ya ekseli yasije yakaingia kwenye grisi. Upande wa nje kuna mpira mwingine pamoja na ukanda wa sufi, na hivyo vinalipangusa tufe kila linapogeuka, kama ulimi unavyopita mdomoni. Basi, ni hayo tu. Gari la tani mbili linashuka mlima wa Bugarama likitegemea vipande viwili vya mpira.

Wengi wenu mkiona grisi juu ya tufe mnakimbilia kufungua. Ngojeni kwanza. Tufe lenye afya lina utando mwembamba wa grisi, kama midomo ya mtu aliyepaka mafuta asubuhi. Likiwa kavu kabisa ndipo uogope, maana litaota kutu, na kutu itakwangua ule mpira mpaka uishe. Na kuzidisha grisi nako ni kosa; hili nililijua baada ya kumchafua mtu siku ya harusi yake.

Nilikuwa mpya kazini. Nilikuwa na bomba la grisi na nguvu nyingi za mikono, na nikadhani tufe ni kama tumbo: ukilijaza ndiyo limeshiba. Nikajaza, nikajaza, mpaka bomba likakataa. Kumbe kiungo kikizunguka kinahitaji nafasi. Kesho yake bwana harusi akaliendesha gari lile kwenda kumchukua mke wake, akashuka na suti yake ya rangi ya maziwa, akainama kufungua mlango karibu na gurudumu la mbele. Grisi ilikuwa imerushwa mpaka kwenye rimu. Alioa akiwa na goti jeusi. Miaka yote aliyoishi Buyenzi, tukikutana njiani, alikuwa ananyanyua suruali kidogo kabla hajanisalimia.

Aliyenitoa ujinga ni Muzee Kasimu, fundi aliyekuwa akitengeneza malori yanayobeba mizigo ya bandarini. Mrefu, mkimya, vidole vyake vimepasuka kama ardhi ya kiangazi. Siku ya kwanza niliyomwambia kwamba gari fulani "linavuja", aliweka spana yake chini polepole.

"Linavuja," akasema. "Mutu akilia, we unasema 'analia' halafu unaenda zako? Unamuuliza analia nini. Bon. Hii inalia nini?"

"Grisi, Muzee."

"Grisi gani?"

"Ile... nyeusi."

Akapitisha kidole juu ya tufe, akachukua donge dogo, akalipaka kwenye kipande cha gazeti. Pembeni yake akapaka grisi mpya kutoka kwenye kopo. Akaviweka juani, juu ya boneti. "Kunywa kahawa yako," akaniambia.

Kahawa ilipoisha, grisi mpya ilikuwa imekaa palepale, na kivuli chembamba cha mafuta kuizunguka. Ile ya kwenye tufe ilikuwa imetoa duara kubwa lenye unyevu, karibu lifunike nusu ya ukurasa. Muzee Kasimu akaniwekea karatasi ile puani. Ilinuka kama kiberiti kilichowashwa kwenye chumba kilichofungwa.

"Hiyo harufu ni mafuta ya ekseli," akasema. "Yameingia mule, yameigeuza grisi kuwa supu. Kwa hiyo mpira wa nje hauna kosa. Spi ya ndani ndiyo imeachia. Ungebadilisha wa nje, ungerudi hapa mwezi ujao na aibu yako."

Niliikunja karatasi ile nikaitia mfukoni. Nilikuwa nimemwona mtu akiuliza chuma swali, na chuma kikajibu. Tangu hapo nilijifunza kuzitofautisha grisi zinazovuja. Ikiwa nyeusi na nzito, mpira wa nje umechoka au kuna mtu amejaza kupita kiasi. Ikiwa nyepesi na inanuka kiberiti, ni spi ya ndani. Ikiwa ya kijivu kama uji wa ulezi, maji yameingia. Ikivuja juu tu au chini tu, shika gurudumu ulitikise, maana huenda rulemani za pivo, zile beringi ambazo kichwa cha gurudumu kinageukia, zimelegea, tufe halikai tena katikati, na mpira unabanwa upande mmoja na kuachia upande mwingine. Na ikiwa nyepesi kabisa, haina weusi, inakausha ngozi ya vidole, hiyo si grisi. Ni mafuta ya breki, na gari hilo lisitoke getini.

Baada ya miaka mingi nilijiona nimemaliza kujifunza. Wateja waliniita Docteur. Mi nami nikaanza kulipenda jina hilo, na hapo ndipo Mama Konsolata aliponikuta.

Alikuwa muuguzi. Kila wiki alikuwa anapanda milimani na katre-katre nyeupe ya kituo cha afya, akipeleka chanjo kwenye vilima ambavyo gari dogo halifiki, na kurudisha wagonjwa mjini. Alikuwa anaendesha mwenyewe. Mwanamke mfupi, ameweka mto kwenye kiti ili aone barabara, na akiongea na wewe anakutazama machoni mpaka umalize sentensi. Asubuhi, kabla ya kusema lolote juu ya gari, alikuwa ananiuliza presha yangu.

Mara ya kwanza alileta gari grisi yake ikiwa uji wa kijivu. Nikamuuliza njia anazopita. Akasema kuna mto mdogo hauna daraja, anauvuka kila safari.

Hapo nikajua. Ekseli ikitoka kwenye mwendo ina joto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Ikiingia ghafla kwenye maji baridi, ile hewa inajikunja na kuvuta chochote kilicho karibu. Juu ya ekseli kuna tundu dogo la kupumulia, na kwenye gari lake tundu hilo lilikuwa linazama mtoni pamoja na ekseli. Basi gari lilikuwa linakunywa mto.

Nilifanya kazi ambayo niliisifu mwenyewe. Nilisafisha matufe yote mawili, nikatia grisi mpya, nikamwaga mafuta ya ekseli nikatia mengine, halafu nikafunga bomba refu jembamba kwenye lile tundu na kulipandisha mpaka kwenye chumba cha injini, karibu na betri. Sasa gari lingepumua hewa ya juu, hata likivuka mto wa kufika milangoni. Nilimwonyesha.

"Kama mutu anayeogelea na mrija mdomoni," nikamwambia.

Akacheka. "We Hamisi, ungekuwa muganga kweli."

Miezi kadhaa ikapita. Akarudi. Tufe la kushoto lilikuwa linatiririka. Nilipaka gazeti, nikanusa: kiberiti. Spi ya ndani. Nikabadilisha spi, nikamwambia aende na amani.

Wiki tatu baadaye akarudi. Tufe lilelile. Kiberiti kilekile.

Hapo nilifanya kile mafundi wote tunachofanya tukiwa hatujui. Nikatafuta wa kumlaumu. Nikasema spi hizi ni feki, zimekuja na boti kutoka Kigoma zimelala juani bandarini hadi mpira ukakauka. Nikazunguka soko zima nikapata spi nyingine, ya mfanyabiashara ninayemwamini kuliko ndugu zangu. Nikaifunga kwa mikono yangu, nikaipaka mafuta kwenye mdomo, nikaigonga polepole kwa kipande cha bomba kinachoenea sawasawa, isikae upande. Kazi safi kabisa. Nikamwambia Mama Konsolata maneno ambayo bado yananiuma.

"Hii, Mama, hairudi tena. Nakupa neno langu."

Alirudi siku ya nne, karibu saa tano ya asubuhi. Nililisikia gari kabla sijaliona, maana lilikuwa linakuja kwa gia ya kwanza, polepole, injini ikilia. Bampa la mbele lilikuwa limekunjwa, na nyasi na udongo mwekundu vimejaa kwenye taa ya kushoto. Mama Konsolata akashuka. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kimehama. Akaegemea mlango, akajifunga kile kitambaa upya.

"Pole Mama! Imekuwaje?"

"Nimeshuka kutoka Bugarama," akasema. "Kwenye kona, kuna watu wa baiskeli mbele yangu, wamebeba ndizi. Nakanyaga breki. Gari inanivuta upande. Inanivuta, Hamisi, kama mutu ameshika usukani pamoja na mi. Upande mumoja kuna bonde. Nimeitupa upande wa mlima."

"Na wale wa baiskeli?"

"Wako wazima. Walisimama wakanisukuma kutoka kwenye mtaro. Mumoja alinipa ndizi." Akaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka, akafunika mdomo.

Nililala chini ya gari. Sikuhitaji gazeti. Mafuta mepesi yalikuwa yametoka kwenye tufe la kushoto yakashuka mpaka kwenye diski ya breki, na plaketi za upande ule, vile vibao vinavyoibana diski, zilikuwa zimelowa kama mandazi. Gurudumu la kulia lilikuwa linashika, la kushoto linateleza. Ndiyo maana gari lilivuta.

Nilikaa kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtu anayejiita Docteur alikuwa anaogopa kutoka aangaliwe usoni.

Nilipotoka nikamwambia kweli. "Mama, hili ni kosa langu. Nimebadilisha spi mara mbili na sijui kwa nini inaachia. Nilikupa neno, na neno lenyewe sikuwa nalo."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona haraka. Aliomba maji, akanywa, akavuta kile kistuli changu cha tairi akaketi mbele ya gurudumu, kama mtu anayeketi mbele ya kitanda cha mgonjwa.

"Nieleze," akasema. "Hiyo mpira, kazi yake ni nini?"

Nikamweleza.

"Na umeweka mupya, muzuri?"

"Mupya, muzuri."

"Na mafuta yanapita palepale."

"Palepale."

Akafikiri. "Mi, mutu akija na kidonda, namfunga. Akirudi kinatoa usaha, nasafisha, namfunga tena. Akirudi mara ya tatu, mi siulizi tena habari ya bandeji. Nauliza ndani kuna nini kinachosukuma."

Vijana wangu, nimesimama mbele ya mafundi wakubwa, wenye vyeti vya ng'ambo. Hakuna aliyewahi kunipiga kwa sentensi moja namna ile. Ndani kuna nini kinachosukuma? Mi nilikuwa nimeuchunguza mlango siku zote, na sikuwahi kumuuliza anayeusukuma.

Gari lilikuwa bado lina moto wa kushuka mlima kwa gia ndogo, magurudumu yote manne yakiwa yamefungwa kuvuta. Nikaiwekea mkono ekseli ya mbele, nikautoa haraka. Nikachukua spana, nikaanza kulegeza boliti ya kujazia mafuta, ile ya ubavuni. Nusu mzunguko. Mzunguko mmoja. Mama Konsolata alikuwa ameinama begani mwangu anatazama.

Gari likashusha pumzi.

Sijui niseme vipi vingine. Lilitoa sauti ndefu, psssss, kama mtu aliyezuia pumzi tangu Bugarama. Halafu mafuta ya moto yakaruka yakanipiga kifuani na kidevuni. Nikaruka nyuma. Mama Konsolata akaruka nyuma. Tukatazamana, mi nikiwa natonesha mafuta kwenye ndevu.

"Yoo! Mana yanje!" akamwita Mungu wake kwa Kirundi. "Ilikuwa na presha!"

Ilikuwa na presha. Ekseli haikuwa inapumua. Kila ilipopata joto, hewa ilitanuka ikakosa pa kutokea, ikasukuma mafuta kupita palipo dhaifu, na palipo dhaifu ni ule mpira mdogo. Ungeweka spi iliyotengenezwa kwa dhahabu, ingeachia.

Nikafungua boneti. Nikalifuata bomba langu, lile la kuogelea, mpaka ncha yake karibu na betri. Nilikuwa nimeiacha wazi. Sikuweka kifuniko, sikuweka chujio, nilifurahia urefu wake tu. Nikainamia ncha ile nikaona imezibwa, na kilichoziba kilikuwa laini, kimesawazishwa vizuri, cha rangi ya udongo.

Nikalikata bomba kwa kisu, nikalipasua kwa urefu.

Ndani kulikuwa na nyumba. Nyigu wa matope, wale wembamba wenye kiuno kama uzi, mmoja wao alikuwa ameliona bomba langu akalipenda. Alikuwa amejenga vyumba vitatu, kimoja nyuma ya kingine, na kuta kati yake nyembamba kama ganda la karanga. Kwenye kila chumba aliweka buibui wadogo, wamelala, hawajafa, na katikati yao mtoto mmoja wa nyigu mweupe anayewala. Alikuwa ameuleta udongo mdomoni, tembe kwa tembe. Nilihesabu mistari ya ukuta wa mlangoni, kila mstari safari moja, mpaka macho yakachoka.

Tuliishika nusu ile ya bomba, mi na yeye. Tani mbili za chuma, injini yenye nguvu ya kupanda milima yote ya nchi hii, na fundi wake mwenye jina kubwa, wote walikuwa wameshindwa na mama mmoja aliyekuwa anatafuta chumba cha watoto wake.

"Amejenga vizuri," Mama Konsolata akasema.

"Kuliko mi," nikajibu.

Hakutaka nivitupe. Alivichukua vile vyumba kwa kibano, akaviweka kwenye kopo tupu la sindano, akavipeleka kwenye ukuta wa bustani. Kama walipona, sijui. Mi nilikuwa na kazi.

Kazi ile niliifanya kwa siku tatu, na kama kuna kazi moja ningependa niulizwe habari zake Siku ya Kiyama, ni hiyo. Nilifungua pande zote mbili, hata ule ambao ulikuwa hauvuji. Niliosha matufe mpaka nikauona uso wangu ndani yake. Nilipitisha ukucha polepole kwenye chuma, maana ukucha unahisi mkwaruzo ambao jicho halioni. Spi mpya, sufi mpya, plaketi mpya. Diski nilizipangusa hadi kitambaa kikatoka cheupe. Grisi nikatia kwa kiasi, theluthi mbili na kidogo, nikiikandamiza ndani ya kiungo kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili.

Kisha ilibidi nipime mkazo wa pivo. Vitabu vinataka mizani ya kuvuta, ile yenye ndoano: unaifunga kwenye mkono wa usukani, unavuta, na namba inakuambia kama vibati vyembamba ulivyoweka juu na chini vinatosha. Mizani yangu ilikuwa imevunjika. Nikaenda sokoni kuazima ya mama mmoja muuza mikeke, wale samaki wa ziwani. Aliniuliza nataka kupima samaki gani. Nikamwambia samaki huyu ana magurudumu. Akanipa, ila akanionya nisiirudishe ikinuka grisi, wateja wake watakimbia. Niliiosha kwa sabuni mara mbili. Alivyoipokea aliinusa, akanitazama, akasema afadhali ingenuka grisi kuliko sabuni.

Kwenye ncha ya bomba jipya nikafunga chujio dogo la petroli, la plastiki. Hewa inapita, nyigu hapiti. Mama Konsolata alikuwa ameniletea kipande cha bandeji kwa kazi hiyohiyo. Nikamshukuru nikamwambia aibakize kwa binadamu.

Halafu nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mteja. "Safari ya kwanza, tunaenda wote. Nitakaa pembeni yako nisikilize."

Tukatoka alfajiri baada ya sala. Tulipanda vizuri. Tulivuka ule mto, maji yakafika katikati ya magurudumu, nikateremka ng'ambo nikapapasa matufe: utando mwembamba, mweusi, hauna harufu. Kule kilimani nilimwona akichanja watoto, mmoja baada ya mmoja, kina mama wamepanga foleni mpaka nyuma ya nyumba. Wengine walikuwa wametembea tangu usiku. Mi nilikuwa nimedhani natengeneza gari.

Tulitaka kuondoka mchana wakati wanaume wanne walipotokea wakibeba machela ya miti. Juu yake alikuwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, Janine, uchungu wa tangu jana, na mtoto amekaa vibaya. Mama Konsolata alimgusa tumbo, akasikiliza, akasimama wima.

"Hamisi, panda nyuma naye. Shika hii chupa ya maji ya mshipa juu, isishuke. Tunateremka sasa hivi."

Nikapanda nyuma. Mkono wa kushoto nilishika chupa juu. Mkono wa kulia nilitaka kushikilia fremu ya dirisha, nisikilize breki kama nilivyokusudia, lakini Janine akaukamata.

Mnajua nimefungua boliti zilizokaa na kutu miaka ishirini. Najua nguvu ni nini. Sijawahi kushikwa namna ile. Kila uchungu ulipokuja vidole vyake vilifunga, na mifupa ya mkono wangu ikasogeleana mpaka nikafumba macho. Hakupiga kelele. Alikuwa anatazama dari la gari na kupumua, na kati ya uchungu mmoja na mwingine aliniomba msamaha kwa Kirundi kwa kuniumiza. Kuniumiza mi! Nikamwambia kaza, kaza tu, mkono huu ni wako. Nikamsomea zile sura fupi ninazozijua. Yeye alikuwa Mkristo, akaitikia Amina kila nilipovuta pumzi. Nikimaliza narudia mwanzo.

Hivyo ndivyo tulivyoteremka mlima wote. Kona zikaja zikapita, ziwa likaonekana chini upande wa magharibi likapotea, likaonekana tena. Mama Konsolata hakugeuka nyuma hata mara moja. Alikuwa anaita tu, "Janine, uko?" na Janine anajibu, "Niko."

Kwenye mlango wa hospitali walimhamishia kwenye kitanda cha magurudumu na hakuniachia, ikabidi nitembee pembeni yake kwenye korido, na kandambili zangu na shati langu la grisi, mpaka kwenye mlango ambao wanaume hawapiti. Pale muuguzi mmoja akavifungua vidole vyake, kimoja kimoja. Wakaingia naye. Mama Konsolata akaingia nao.

Nikaketi kwenye benchi. Mkono wangu ulikuwa umebaki umekunjwa, haukunjuki. Sijui nilikaa muda gani. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kisha nikasikia sauti nyembamba, yenye hasira, ya mtu ambaye hajawahi kupumua na sasa anapumua, na nikasimama bila kujua nimesimama.

Mama Konsolata akatoka anafuta mikono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Musichana," akasema. "Wote wawili wako sawa."

Alhamdulillah, nikasema.

Akaketi pembeni yangu, akavua viatu, akanyoosha miguu. Baadaye akanigusa bega.

"We Hamisi, mbona hausemi kitu? Breki zako, umezisikia? Haikuvuta hata kidogo. Wala kushoto, wala kulia."

Nikamtazama. Nilikuwa nimepanda gari lile kwa sababu moja tu, kusikiliza breki, na toka juu kilimani mpaka mlango ule sikuwa nimezisikia hata mara moja.